Sakafu ya Mughwai

Mughwai wa Iguguno alikuwa mbishi, na ubishi wake ndio uliotia saruji ndani ya tembe yake, nyumba ya paa bapa la udongo. Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, wenzake waliridhika na udongo. Yeye akamwaga sakafu, akaipiga niru mpaka ikang'aa. Ila ilikuwa imelala upande. Ukiacha kibuyu mlangoni, unakikuta mvunguni.

Siku mama mkwe wake Kristina alipokuja kuwatembelea, mkewe Theresia alikuwa ameisugua kwa sabuni. Kristina akaketi kwenye kigoda, mbali na Mughwai, maana kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumgusa. Lo! Kigoda kikaanza safari, mama wa watu juu yake, kikaenda kutua katikati ya magoti ya Mughwai. Uso kwa uso!

"Aibu gani hii!" Kristina akafoka, akifungasha. "Nitarudi mjukuu akizaliwa. Nikiuona tena uso wa huyu, naondoka na binti yangu na mtoto."

Mughwai aliogopa kweli. Alimpenda Theresia kuliko ng'ombe wake, na kwa mtu wa kule hilo si neno dogo. Saruji ilikuwa imeadimika, basi akachimba udongo wa kichuguu, akauchanganya na mavi ya ng'ombe. Akamwaga maji apime: yakakimbilia kushoto. Akajaza kushoto. Yakakimbilia kulia. Akajaza kulia.

"Si upasue tu palipoinuka?" Theresia akauliza.

"Nipasue saruji? Una wazimu?"

Jirani yao Melkizedeki akachungulia. "Bwana wee, hiyo sakafu au ghorofa?"

"Pita zako!"

Maji yalipokubali kutulia, boriti za paa zilikuwa zinamfika kidevuni.

Mtoto akazaliwa, Kristina akaja. Akapanda kizingiti, akainama chini ya boriti. Mughwai naye ameinama. Kila mmoja akaongea na vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu." Akajaribu kuinua kichwa, paa likakataa. "Sasa hii ni nyumba yenye adabu. Binti yangu abaki. Nami nitakaa mpaka mjukuu atembee."

Furaha ikampanda Mughwai, akajisahau, akasimama wima. Pu! Udongo wa paa ukaporomoka, kichwa chake kikachomoza nje juani. Ndani, Kristina aliona kuanzia shingoni kwenda chini tu.

Melkizedeki alikuwa akipita na mbuzi wake.

"Anabaki!" Mughwai akampigia kelele kutoka juu ya paa, machozi na udongo vikimtiririka. "Mke wangu anabaki!"