Ugonjwa Ulikuwa Kichwani, Tukautafuta Tumboni

Asubuhi moja nilitoka Bukavu bila mpango, nikashuka hadi Sange kwa sababu tu sikuwahi kuona mpunga ukipandwa. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule mapema: palipo na kitu nisichokijua, miguu ilinipeleka.

Huko Sange kichwa kikaanza. Kila alfajiri kiliuma kana kwamba kinapasuliwa kutoka ndani, kisha nikatapika maji machungu ya njano, mengine yakitokea puani. Mkono wa kushoto ukawa unadondosha vitu. Nikarudi nyumbani nikinuka.

Dada yangu Nsimire aliniangalia mara moja tu.

"Ulikula kwa nani kule?"

"Kwa maman mumoja wa kuuza ugali."

"Basi ni yeye. Amekulisha karuho."

Kwetu karuho ni sumu ya polepole, mtu anakutilia katika chakula. Aliyelishwa hapelekwi hospitali, maana wanasema sindano itamuua. Anapelekwa kutapishwa.

Tukaenda Nyantende kwa mzee mmoja. Alinipa kikombe cha majani yaliyopondwa, yenye utelezi kama kamasi. Nikatapika mbele ya watu waliosubiri zamu, ndani ya beseni ambalo ukingoni mwake matapishi ya mtu mwingine yalikuwa yamekauka. Kila nilipojikamua kutapika, kichwa kilidunda na macho yakaingia giza. Mzee akachokoa kwa kijiti, akainua kitu cheusi.

"Ona! Karuho yenyewe ni iyi."

Nikainama nikaichunguza. Ilikuwa ngozi ya kuku.

"Tonton, mimi sijakula kuku tangu mwezi uliopita. Iyi ni yako."

"Mugonjwa amekuwa docteur!" mmoja akasema, wote wakacheka.

Mzee akajaza kikombe cha pili. Nsimire akanishika kidevu ili ninywe. Nikakimwaga kikombe chote chini. Uchafu ule bado unanichefua, na ninajichukia zaidi mimi mwenyewe, maana nilikubali asingiziwe mama wa watu aliyenipikia tu.

Tukiwa njiani kurudi nikaanguka, mwili ukatetemeka, nikajikojolea. Wapita njia wakasogea mbali, wakitema mate. Nsimire peke yake alinipangusa povu. Akasimamisha teksi.

"Hospitali," akamwambia dereva. "Na sindano wamuchome!"

Nikapigwa picha ya kichwa. Daktari akanionyesha kwa kalamu.

"Papa, ni vitu mbili. Huu ni uvimbe. Na hapa pembeni, mishipa ya damu imejisokota. Pengine ulizaliwa nayo."

"Na kile kikombe?"

"Ungeendelea kujikamua vile, pengine mishipa ingepasuka."

Walinifungua fuvu, wakatoa uvimbe, wakaondoa na lile fundo la mishipa. Kwa wiki nyingi udenda ulinichuruzika, na nilijifunza upya kufunga vifungo. Dawa ya kuzuia kifafa nameza hadi leo.

Namshukuru Mungu, madaktari, na Nsimire aliyekubali kwamba alikosea. Nanyi mnaosoma: kichwa kikikuamsha alfajiri na unatapika, usitafute mchawi wala usikubali kutapishwa. Nenda hospitali, uombe wakuangalie kichwa.

Niliporuhusiwa nilitafuta chumba Nyalukemba, nisiwe mbali na daktari. Mwenye nyumba, mama mjane, alilikazia macho kovu langu.

"Pole, mwanangu. Nani alikufanyia ivi?"

"Hakuna mutu, maman. Ilikuwa ugonjwa tu."

Akanipa ufunguo.

"Ule mulango unakwama. Usukume na bega."

Nikausukuma kwa bega la kushoto. Ukafunguka.