Mfagiaji Aliyeambiwa Si Mtumishi

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Juni ikiwa bado imeushika mji wa Songea, Notburga Luambano anakusanya maganda ya mahindi na majani ya kabichi nyuma ya vibanda vya soko. Khanga mbili kiunoni, sweta la binti yake Aurelia mabegani.

"Shikamoo, Mama Aurelia," mpita njia anamwamkia.

"Marahaba." Ufagio hausimami.

Wiki mbili zilizopita angesimama, angeuliza habari za nyumbani na kucheka. Mama huyu wa miaka 43, mkazi wa Mjimwema, anajulikana kwa maneno mengi na kwa kutoogopa wakubwa. Ndiyo maana mwaka 1995 wenzake walimchagua awasemee wafagiaji kwenye mazungumzo ya mishahara kati ya chama cha wafanyakazi na halmashauri yao. Gazeti hili haliitaji halmashauri hiyo kwa kuwa shauri halijaisha.

Analipwa Sh 17,500 kwa mwezi. "Tangu bei ziachiwe huru, tarehe kumi sina kitu," anasema. "Unga, sukari, ada ya Aurelia, basi."

Mazungumzo yalichukua miaka miwili. Jumanne moja mwanzoni mwa mwezi huu, halmashauri ikakubali nyongeza ya Sh 6,000 kwa kila mtumishi. Katibu wa tawi, Tadei, alikwishashika kalamu. Ofisa utumishi, Bwana Muhsini, akapitisha orodha ya majina.

Notburga aliisoma mara mbili.

"Bwana Muhsini, mmeniruka."

Ofisa akafungua jalada jingine. "Mama, wewe si mtumishi. Humu umeandikwa kibarua wa siku. Kwa kweli hata kiti hicho hukustahili kukikalia."

Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja.

"Nilidhani ananitania," anasimulia. "Nikamwangalia Tadei, naye kabaki mdomo wazi."

Kisha aliuliza swali moja tu: "Kama mimi ni kibarua, hii ada ya chama ya kila mwezi mnamkata nani?"

Bwana Muhsini akaomba radhi. Alihamia mwaka jana, akasema, na majalada aliyakuta hivyo. Wafagiaji wako thelathini na wawili. Kumi na tisa wameandikwa vibarua.

Tadei akaweka kalamu chini. "Sisaini. Tutoke wote."

Ni Notburga aliyemzuia. "Saini, kaka. Watu mia mbili wamesubiri miaka miwili. Lakini swali langu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na jibu la Bwana Muhsini vilevile, neno kwa neno."

Likaandikwa. Pande zote mbili zikasaini.

Mchana huo alimweleza Mwamvua, mjane kutoka Tunduru anayefagia naye kwa mwaka wa saba, kwamba naye kaandikwa kibarua. Mwamvua alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Astaghfirullah! Miaka yote saba? Sasa nikifa leo, wanangu wanapata nini?"

Notburga anasema alilala siku mbili bila kula, akiona haya kuliko hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyewadanganya wenzake.

Siku ya tatu akaenda kwa Tadei, wakautuma muhtasari ule makao makuu ya chama. Jibu limekuja: aliyefanya kazi mfululizo huku akikatwa ada ana hoja, na halmashauri imetakiwa kukaa tena na chama Alhamisi ijayo.

"Nyongeza nitaidai baadaye," anasema. "Kwanza waniandike. Nataka karatasi inayosema nilianza kazi lini."

Ameanza kuwapitia wenzake kumi na wanane, mmoja mmoja, akiandika tarehe zao kwenye daftari. Mwamvua haikumbuki yake. Anachokumbuka ni kwamba ilikuwa wiki mvua zilipoanza, na mgongoni alikuwa na mtoto ambaye sasa yuko darasa la kwanza.

"Basi nitaandika hivyo hivyo," Notburga anasema, "na Alhamisi nitawasomea."