Ubongo Ulioona Moto

Hasira ile ninayo mpaka leo, na sioni haya kuisema.

Miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi katika maabara moja ya utafiti, nikienda asubuhi na kurudi kwetu Kisauni jioni. Tulikuwa tukitafuta protini mbili, ndugu wa tumbo moja. Kazi yao ni hiyo hiyo, kuifanya neva imwage ujumbe wake kwa neva jirani, lakini makao mbalimbali. Kwa panya ilishajulikana: moja hukaa zaidi ubongo wa mbele, nyingine hukaa nyuma, kisogoni na kwenye shina la ubongo. Mimi nilitakiwa nionyeshe kama kwa mbuzi ni vivyo hivyo. Dawa ya kuzitia rangi ilitoka ng'ambo, kichupa kimoja kisichojaa kijiko. Mwalimu alinambia wazi: picha zikitoka, nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo ni yangu, zisipotoka, atapewa mwengine.

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alikuwa na bucha Kongowea.

"Shikamoo ami. Nataka ubongo wa mbuzi, ukishachinja tu, unitilie kwenye barafu."

"Marahaba mwanangu. Inshallah."

Sikumweleza zaidi. Nilijiona msomi, na muuza nyama ningemweleza habari za protini ili iwe nini?

Asubuhi ya pili alinikabidhi chombo cha barafu, kimefungwa vizuri. Kule maabara niliukata ule ubongo vipande vyembamba, na wallahi ulikatika vizuri mno, haukupondeka wala kung'ang'ania kisu. Nikafurahi. Nikaimaliza dawa yote. Nilipochungulia kwenye darubini, hapana kitu. Mbele hapana, nyuma hapana, kote rangi ya chai ya maziwa. Mwalimu alitazama, akavua miwani, akasema pole. Wiki ile ile nafasi ikaenda kwa mwengine.

Nilikwenda buchani moja kwa moja, hata shikamoo sikutoa. "Ami, ubongo wangu uliufanya nini?"

Akanieleza kwa fahari kwamba alikibabua kichwa kwanza juu ya makaa, taratibu, mpaka manyoya yote yakaisha, ndipo akakipasua. "Mtoto wa ndugu yangu nimpe kitu kilichotoka kwenye kichwa kichafu?"

Moto! Protini zile zikiona moto zimekwisha, hazishiki rangi tena. Nilimpigia kelele mbele ya wateja, mimi, mtoto wa kike, nampigia kelele ami yangu. Nilimwambia ameniharibia maisha, na kwamba hajui kitu duniani ila shoka na gogo. Mama mmoja aliyekuwa akingoja maini alisema "Astaghfirullah!" na mimi sikunyamaza.

Ami hakukasirika. Alipasua kichwa chengine kilichokuwa mezani, kibichi, na manyoya yake, akanitilia ubongo kiganjani. Ulitepeta, ukawa wataka kunimwagikia vidoleni.

"Mwaka mzima wasomea bongo," akaniuliza polepole, "na ule nilokupa hukujua kama ushaiva?"