Barafu ya Kusahihishia Chombo

Wakati wa vita nilikuwa msaidizi katika kituo kidogo cha hali ya hewa, Uvira. Juu ya paa la biro, yaani ofisi yetu, kulikuwa na chombo chenye kioo cheusi cha mviringo kilichotazama juu. Kilipima joto ambalo hewa na mawingu hutushushia, lile lisiloonekana kwa macho. Chombo cha namna hiyo huanza kupotoka bila kuonyesha dalili, kwa hiyo lazima kisahihishwe. Tulikuwa tunakigeuza kitazame ndani ya kopo la shaba lililopakwa rangi nyeusi, kwanza kopo likiwa ndani ya maji ya moto, kisha ndani ya maji ya barafu. Tukijua joto la kopo, tunajua kama chombo kinasema kweli.

Tulichokosa ni kipimajoto cha kuaminika. Baada ya miezi ya kuomba, wenzetu wa Bujumbura walituazima chao. Siku ya pili tukasikia kwamba kesho yake mpaka wa Kavimvira utafungwa, na kipimajoto kilipaswa kurudi kwao kabla ya hapo. Shefu wangu, mkuu wa kituo, mzee wa bonde la Ruzizi, alinichukua haraka twende Rugenge kwa mama mmoja Mwislamu, muuza samaki, ambaye jenereta yake ilikuwa bado inafanya kazi. Alikuwa ametuwekea barafu yote aliyokuwa nayo, ndoo mbili.

Tulikuwa tunaondoka nazo alipoingia mwanamke mwenye kitenge kilicholowa hadi magotini. Mume wake, mvuvi, alikuwa amepigwa risasi asubuhi ile akivuta wavu. Hakuwa analia.

“Mama, naomba barafu,” alimwambia mwenye nyumba. “Mama yake iko Makobola, na njia imefungwa. Nataka amuone mbele ya kumuzika.”

“Nimeshawapa hawa wa biro,” mwenye nyumba akajibu, akatutazama.

Naona haya kuandika kwamba nilitamani tugawane. Shefu aliweka ndoo yake chini.

“Dada, chukua zote mbili.”

“Shefu, na chombo?” nikamwuliza.

“Weye beba hiyo ndoo, umufikishe kwake.”

Nikaifikisha. Niliona miguu ya marehemu chini ya shuka, mchanga ungali katikati ya vidole.

Alasiri tulipima kwa maji ya moto peke yake. Shefu akaandika katika kaye, daftari la vipimo, kwamba upande wa baridi haukupimwa, na kwamba tarakimu zinazofuata zisiaminiwe. Asubuhi alikirudisha kipimajoto mpakani. Mama wa marehemu alifika siku ya tatu, kwa miguu, akipitia milimani. Alimwona mwanawe, kisha wakamzika.

Tuliendelea kuandika tarakimu kila siku. Vita vilipotulia, chombo kilipelekwa ng'ambo kusahihishwa, kikarudi pamoja na barua: kilikuwa kimepotoka sana, na kwa kuwa hakuna ajuaye kilianza lini, kazi yetu ya miaka ile yote haiwezi kutumika. Nilimsomea shefu, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshafifia. Aliyelia ni mimi. Yeye aliniomba nirudie mistari ya mwisho, akasikiliza, halafu akauliza kama nimeshakirudisha chombo juu ya paa.

“Bado,” nikasema.

“Basi panda sasa, jua halijakuwa kali.”