Barua Yenye Muhuri

Nilikuwa mwalimu wa uraia katika kijiji kimoja cha bonde la Ruzizi, na somo nililolipenda kuliko yote lilihusu nchi ndogo zinazokataa kujifunga na jeshi la mtu. Nililifundisha kwa majivuno, kana kwamba nimelibuni mimi. Kulikuwa na sharti nililolipita haraka haraka: majirani nao lazima wakubali.

Kwa hiyo wapiganaji wa mlimani walipoanza kushuka kudai mahindi, na askari wa kambini wakadai mahindi yale yale, wazee waliniita mimi. Niliandika barua moja, nakala mbili: sisi hatuko upande wowote, asiweke mtu silaha wala kambi kwetu. Niliisoma mbele ya kanisa, watu wakapiga makofi. Nakiri kichwa kilinivimba.

Lakini kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga tu. Shefu wa kijiji akazigonga muhuri zote mbili. Kaka yangu mkubwa, aliyezijua njia za milima ya Mulenge kuliko mimi, akachukua ya mlimani. Mimi nikapeleka ya kambini.

Kambini mkubwa wao aliuliza nakala ya pili imekwenda wapi. Nilimwambia ukweli. Akasema basi tunaandikiana na adui, akanifukuza, nami nikashukuru kufukuzwa.

Kaka hakurudi. Siku ya tatu mama mmoja muuza makaa alishuka akatueleza kwamba amemwona amefungwa mikono. Barua wapiganaji hawakuisoma hata mstari mmoja. Kiongozi wao aliweka kidole juu ya muhuri, penye kichwa cha chui, nembo ya serikali, na jina la Jamhuri, akamwuliza:

"Weye unasema hamuko upande. Hii kashe iko ya nani?"

Chui huyo nilimchora ubaoni kila mwaka. Niliona aibu hadi nikashindwa kula.

Nilikimbia kwa shefu. Alinisikiliza, akashika kichwa, kisha akavuta droo.

"Mwalimu, andika ingine ya kumuombea. Nitapiga kashe. Bila kashe batajua namna gani inatoka kwetu?"

Nilikaa na kalamu mpaka jua likazama, nisiandike kitu. Shemeji, mke wa kaka, alikuwa mlangoni, akingoja.

Sasa naishi Uvira mjini, na kaka hajarudi. Shemeji huja Jumapili baada ya misa, anakaa, anakunywa chai, kisha ananiuliza kwa upole kama ile barua nimeimaliza.