Sauti ya Afande Ilipokatika Gwarideni

Ijumaa mchana mtaa mzima ulijua kwamba Afande yuko kazini. Sauti yake ilitoka kwenye uwanja wa shule ya sekondari, ikaruka ukuta, ikapita juu ya mapaa ya maduka, ikamkuta mumewe, kinyozi, ameshika wembe shingoni mwa mtu. "Mguuuu, sawa!" Na mteja, hata awe nani, alijikuta amenyoosha mgongo kitini. Kinyozi aliuinua wembe, akasubiri mteja alegee, kisha akaendelea na kazi. Alikuwa ameioa sauti hiyo miaka mingi na alijua namna ya kuipisha.

Afande alistaafu jeshini akiwa sajini, baada ya kuwafundisha kwata makuruta wa kila namna: wanene, wembamba, wenye kiburi, na wale wanaolia wakimkumbuka mama. Alipostaafu alirudi nyumbani akakaa. Kukaa kulimshinda. Alianza kwenda kwa mumewe saluni "kusaidia", akayapanga machanuo kwa urefu, akayakunja mataulo kona kwa kona, akawaambia wateja waingie kwa mstari na wanyamaze. Wateja wakaanza kufuga nywele.

"Mke wangu," kinyozi alimwambia siku moja, kwa upole wa mtu anayekaribia ng'ombe asiyemjua, "unanipenda?"

"Swali gani hilo?"

"Basi nitafutie amani. Jitafutie kazi."

Kazi ikapatikana shuleni, kipindi cha uongozi na uraia: gwaride, nidhamu, bendera, haki na wajibu wa raia, huduma ya kwanza. Wanafunzi waliojiunga walipewa kofia na mkanda, na Afande akavirudia viatu vyake vya zamani. Alivipiga rangi usiku ule mpaka kinyozi akauliza kama anakwenda kazini au anakwenda kuolewa tena.

Aliwapenda wale watoto, na tuseme hivyo wazi kwa sababu yeye mwenyewe asingesema hata umwekee mkuki kifuani. Upendo wake ulitoka kwa njia ya majina ya utani. Kijana mrefu alimwita Ngazi. Aliyependa kuchelewa alimwita Mgeni Rasmi. Binti mdogo mwembamba, ambaye hatua zake hazikuwahi kukosea, alimwita Pini, akamweka mbele kulia, mahali ambapo kikosi kizima hutazama ili mistari inyooke. Jina la utani kwa Afande lilikuwa cheo.

Na sheria yake ilikuwa moja, akiirudia mpaka watoto waliiota: "Amri ni ya afande. Afande hajasema, hamjasikia." Siku moja akala njama na mpishi wa shule. Kikosi kikiwa kinatembea, mpishi akatokea jikoni na mwiko wake akapiga kelele: "Simameni! Chakula kimeiva!" Nusu ya kikosi wakasimama. Afande akawazungusha uwanja hao wote hadi ndimi zikawatoka. Toka siku hiyo hata moto ungewaka, wangepita katikati yake wakihesabu hatua.

Pini naye alikuwa keshaonja, hata kabla ya mtihani wa mpishi. Siku moja Afande alikuwa amegeuka kuongea na bawabu wa shule, na kikosi kilikuwa kinakaribia ukuta. Pini akasema, kwa sauti yake nyembamba, "Kikosi, simama." Wakasimama. Afande akageuka.

"Nani kakupa mdomo?"

"Ukuta, afande. Tulikuwa tunaufikia."

"Ukuta ni wangu. Na nyinyi ni wangu. Zunguka uwanja!"

Pini akazunguka. Hakununa, ila tangu hapo aliongea kidogo zaidi, na kabla ya hapo tayari alikuwa anaongea kidogo.

Mambo yalianza kwenda mrama mwalimu mkuu alipomwita Afande ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa maneno ya kuzunguka, lakini siku hiyo alienda moja kwa moja.

"Afande, kipindi kinaitwa cha uongozi na uraia. Utii nauona. Uongozi uko wapi?"

"Uongozi huu hapa," Afande akajigonga kifua.

"Ndiyo hofu yangu." Mwalimu mkuu akavua miwani. "Bodi ya shule wanataka saa hizo ziende kwenye kompyuta. Siku ya wazazi atakuja mgeni kutoka ofisi ya elimu. Akiona viongozi, kipindi kinabaki. Akiona watoto wanaosubiri kubonyezwa, mwakani tutakuaga kwa keki na zawadi."

Afande alitoka mle ndani damu imemchemka. Keki! Alijiona amerudi saluni, anapanga machanuo kwa urefu, wateja wanamkwepa na mume anamwangalia kwa huruma. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Hakuwa na kitu kingine. Watoto wake wa kuzaa walikuwa wamekua wakaenda zao, wakimpigia simu kumuuliza hali na kumwambia apumzike, kana kwamba kupumzika ni dawa.

Sasa mtu mwingine angesikia neno la mwalimu mkuu akalitafakari. Afande alilisikia akaongeza mazoezi. Aliona kwamba kikosi kikitembea kama mtu mmoja, mgeni atasahau maswali yote. Wakafanya mazoezi asubuhi kabla ya masomo, wakafanya jioni baada ya masomo, na amri zote zikatoka koo moja. Koo nalo ni nyama. Likaanza kukwaruza, likaanza kukata maneno katikati, mpaka daktari akamulika taa ndani na kutikisa kichwa.

"Nyamaza mwezi mzima," daktari akamwambia. "La sivyo, sauti hii utaisikia kwa watu wanaokumbuka."

"Nina gwaride wiki ijayo."

"Mimi sikuuliza ratiba yako."

Kinyozi alimchemshia maji ya moto, akamfunika kwa taulo la saluni ajifukize, akambembeleza ampe hata Ngazi kazi ya kutoa amri. Afande alikataa akiwa chini ya taulo. Watoto hawajazoea amri ya mtu mwingine, alisema, na hapo alisema kweli tupu, ingawa hakujiuliza ni kosa la nani.

Siku ya wazazi ikafika. Viti vilipangwa kivulini, mgeni wa ofisi ya elimu alikaa katikati, mama mmoja aliyevaa suti ya bluu na asiyecheka hovyo. Lango la shule lilikuwa mwisho wa uwanja, na lilikuwa wazi kwa ajili ya magari ya wazazi. Kikosi kilitakiwa kipite mbele ya mgeni, kifike karibu na lango, kigeuke kushoto, kirudi. Basi.

"Kikosi, mguu sawa!" Sauti ilitoka, imekwaruzika lakini ni yenyewe. "Kwa mwendo wa haraka, mbele... tembea!"

Wakatembea, na ilikuwa kitu cha kutazama. Viatu vilidunda pamoja, mikono ilipanda pamoja, wazazi wakatoa simu zao kupiga picha. Mama wa suti ya bluu alisogea mbele kwenye kiti. Afande alitembea pembeni, moyo umejaa pomoni. Walipokaribia lango akavuta pumzi ya kutosha kufungua mlango wa ghala, akafungua mdomo aseme kushoto geuka.

Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Ilitoka hewa, na hewa haikuwa amri.

Bawabu, akiona sura zile za kazi na zile kofia zilizokaa sawa, alidhani ndivyo ilivyopangwa. Akasimama wima, akapiga saluti, akakipisha kikosi. Kikosi kikatoka langoni, kikashika barabara.

Ndani ya shule watu walipiga makofi. Walidhani wanakwenda kuzunguka na kurudi kwa lango la nyuma. Mwalimu mkuu peke yake alijua kwamba shule haina lango la nyuma, akaanza kutafuta viatu vyake alivyokuwa amevivua chini ya meza.

Afande alikuwa keshatimua mbio, mkono mmoja umeshika kofia na mwingine unapunga. Kupunga hakukusaidia, maana waliotembea walikuwa wanatazama mbele, kama alivyowafundisha, na aliyewafundisha alikuwa nyuma. Kila mtu mtaani alitoa mchango wake. Muuza matunda alipiga kelele, "Nyie watoto, mnakwenda wapi?" Wapi! Walikuwa wamempita. Dereva wa gari la mizigo aliwapigia honi ndefu, akaona hawatikisiki, akapanda kando mwenyewe. Mwanamke mmoja aliyemtambua mwanawe alimwita kwa jina lake kamili, lile la siku ya hasira, na mtoto akatoa jicho la kusikitika na kuendelea na safari. Waliamini kabisa kwamba ni mtihani. Mpishi wa leo ni mtaa mzima, walifikiri, na safari hii hatunaswi.

Walipopita mbele ya saluni, kinyozi alitoka na mashine ya kunyolea mkononi, mteja nyuma yake amenyolewa upande mmoja.

"Simameni!" kinyozi akalia. "Jamani simameni, mama yenu hana sauti!"

Aliyoyasema yalikuwa kweli, na hakuna aliyemwamini. Raia hatoi amri. Afande akapita akihema, wakatazamana na mumewe mara moja, na kinyozi akaona usoni mwake kitu ambacho hakuwahi kukiona katika ndoa nzima. Mkewe alikuwa anaogopa. Akamwacha mteja na nusu ya nywele zake, akamfuata mbio.

Mbele, mtaa ulipoishia, ilikuwapo barabara kuu, na kwenye barabara kuu malori yalipita bila kupumua. Afande aliyaona. Miguu ilimwambia haitafika. Alifungua mdomo akalia kwa nguvu zote alizowahi kuwa nazo, na mlio haukumfikia hata mtu wa mstari wa nyuma. Hapo akaelewa, na ilimuuma kuliko koo. Amewafundisha watoto wa watu kila kitu isipokuwa kusimama wenyewe.

Pini aliyaona malori pia. Alikuwa mbele kulia, hakuwa na mtu wa kumkinga macho. Afande, kutoka nyuma, aliuona ule mgongo mdogo ukisita kwa hatua moja. Mgongo ambao haukuwahi kukosea.

"Kikosi!" sauti nyembamba ikasema, halafu ikapanda, ikawa sauti ambayo hakuna aliyejua ilikuwa imehifadhiwa wapi. "Siiimama!"

Viatu vikadunda mara mbili, vikanyamaza. Lori likapita mbele yao na upepo wake ukawapeperushia kofia.

Pini hakugeuka. Alibaki wima, akisubiri swali la nani kakupa mdomo. Afande alifika, akapita pembeni ya kikosi hadi mbele, akasimama uso kwa uso na yule binti. Alitaka kumwambia mambo mengi na koo halikutoa hata moja. Machozi ndiyo yaliyotoka, mbele ya kikosi kizima, na hakuyafuta. Akampigia Pini saluti. Kisha akarudi hadi mstari wa nyuma, akajipanga mwishoni, akanyoosha mgongo na kutazama mbele.

Ilimchukua Pini muda kuelewa. Kinyozi, aliyekuwa amefika akihema na mashine bado inanguruma mkononi, alielewa kwanza.

"Binti," akasema, "anakungoja wewe."

"Kikosi," Pini akasema, na akasafisha koo. "Nyuma... geuka!"

Wakageuka, Afande naye akageuka, na kwa kuwa aliyekuwa nyuma sasa ni wa mbele, akajikuta anaongoza tena. Hakukusudia. Pini akakimbia hadi kwake, akanong'ona:

"Afande, tafadhali, rudi nyuma."

Afande akatikisa kichwa, akakunja uso. Pini akamtazama, akanyoosha mgongo.

"Afande, rudi nyuma!"

Hapo akaenda mbio.

Wakarudi shule, barabara nzima ikiwapisha. Langoni walimkuta mwalimu mkuu na kiatu kimoja, na mama wa suti ya bluu, ambaye alikuwa amesikia yote kwa muuza matunda, yakiwa yameongezwa chumvi ya kutosha.

"Nani aliyewasimamisha?" mama akauliza.

"Mimi," Pini akasema. "Bila ruhusa."

Mama akamtazama Afande, yuko nyuma kabisa, uso umelowa, mikono imenyooka mapajani. Akamtazama mwalimu mkuu. "Huyo ni kiongozi mmoja," akasema. "Wengine wako wapi?"

Afande hakuwa na sauti ya kujibia. Lakini akatoka kwenye nafasi yake, akapita mstari wa kati, akasimama kwa kijana mmoja wa miwani, mtaratibu, ambaye mwaka mzima hakuwahi kumpa hata jina la utani. Akamshika bega, akamtoa mbele ya watu wote, akamgeuza akitazame kikosi. Halafu akaenda akasimama kwenye pengo lake.

Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Mzazi mmoja akacheka. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemharakisha.

"Kikosi," akasema kwa sauti ndogo, na wote, Afande akiwemo, wakangoja.