Baba Mkwe Aliniuzia Gari, Garanti Akasema ni Binti Yake

Ndugu huyu yuko Kasongo, mashariki mwa Kongo, na ameomba jina lake libaki kwetu. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjaanza kumtukana.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne, nina mke na watoto wawili. Nanunua mafuta ya mawese hapa Kasongo na kuyauza Salamabila kwa wachimba dhahabu. Miaka yote nimepakia bidoni, yale madumu ya mafuta, kwenye pikipiki za watu, tukianguka nazo kwenye matope mimi na dereva. Safari hii nikasema basi, natafuta gari. Mkiona maneno makali mnivumilie.

Nilikuwa nimeshapata pikapu ya okazyo, iliyokwisha kutumika, kule Salamabila. Kwa sura ilikuwa mbaya, mlango mmoja umefungwa kwa waya, lakini mwenye nayo aliniambia, "Leta fundi yako, afungue yote. Moteri ikikufa mbele mwezi iishe, unanirudishia gari." Alikubali kusema hivyo mbele ya mashahidi. Fundi wangu akaisikiliza injini, akasema ni nzima. Ningeinunua ile, leo ningekuwa mtu.

Baba mkwe akasikia. Naye alikuwa na gari uani, limepigwa rangi mpya, viti vimevishwa vitambaa safi. Akaniita baada ya swala ya Ijumaa, akanipa chai, akauliza nitapelekaje pesa kwa watu baki wakati yeye, baba yangu, ana gari. Nikauliza kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyevunja sahani, kama naweza kuja na fundi. Mzee akacheka.

"Mukwe, unaleta fundi afungue moteri ya bamukwe yako? Watu watasema nini? Garanti ya hii gari ni mutoto wangu. Si iko mu nyumba yako? Unataka garanti gani tena?"

Wenzangu wa huku mnaelewa. Mbele ya baba mkwe hata kula kwa uhuru hatuli, sembuse kuinamia gari lake na kunusanusa. Mke wangu naye akaongeza, "Baba Asha, usimupatie baba aibu mbele ya watu." Nikatoa akiba yangu yote. Heshima! Sasa hivi neno hilo sitaki hata kulisikia.

Safari ya kwanza nikajaza bidoni, nikashika njia ya Kabambare kwenda Salamabila. Sikufika mbali nikaanza kusikia harufu ya mawese yanayokaangwa. Nikafikiri bidoni inavuja. Nikasimama, nikazipapasa zote, kavu. Nikaendelea, na harufu ikaendelea, mpaka kwenye mlima mmoja moshi ukajaa, chuma kikalia vibaya, halafu kimya. Injini ilikuwa imekamatana, haizunguki tena. Nikafungua mahali pa kutilia oili, nikaingiza kidole. Kilitoka na uji mzito wa rangi ya chungwa, umeungua na kunuka. Nauza mawese tangu ujana wangu, siwezi kuyakosea. Mzee alikuwa ameyatia ndani ya injini mbovu ili isigonge wala isitoe moshi siku ya kuniuzia. Nilitapika palepale kando ya njia, na sisemi kwa kupamba.

Mkwe hakabiliwi uso kwa uso, kwa hiyo nilimtuma baba mdogo wangu akazungumze. Alienda na kuku, kwa adabu zote. Hakumwita mtu mwongo, alisema tu kwamba ndani ya injini kumekutwa mawese. Jibu alilorudi nalo ni hili: "Garanti nilimupatia. Kama anakataa gari, arudishe, na miye nitakamata garanti yangu."

Baba mdogo alifikiri ni utani. Haikupita wiki, mama mkwe akawa mgonjwa ghafla, mke wangu akaitwa aende na watoto kumuuguza. Mama mkwe anaonekana sokoni akichagua samaki, mzima kabisa. Mke wangu hajarudi. Mzee huyu mwenye mvi amemshika binti yake mwenyewe, ili mimi nifunge mdomo! Eti sharti lake ni niende niombe msamaha mbele ya ukoo wake, niseme gari lilikuwa zima, mimi ndiye niliyelilemeza kwa mzigo. Nikisema hivyo, mke na watoto wanatoka nami siku hiyohiyo.

Mke wangu akanipigia simu akinong'ona. "Omba tu musamaha, Baba Asha. Watoto wanakulilia."

Nikamuuliza kama alijua habari ya mawese.

"Nilimuonaka anamimina," akasema. "Aliniambia ni dawa ya moteri. Nilijua hapana. Lakini ule ni baba yangu."

Ndugu zangu, yule mzee namchukia mpaka mate yananikauka. Lakini mke wangu bado nampenda, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi, kwamba usiku namtamani mtu aliyeniona natoa akiba ya nyumba yetu akanyamaza. Jumapili wakwe wananingoja, na mjomba wao wameshamwita awe shahidi. Nikiutamka uongo wa mzee kwa kinywa changu, nitapata watoto wangu, na kila asubuhi nitakunywa chai na mke huku wote wawili tukijua. Nikikataa, watoto watakulia kwake, wakifundishwa kwamba baba yao alishindwa na gari akawakimbia.

Ninyi mlio na wakwe, hasa mlio na watoto, nishaurini kabla ya Jumapili. Nimeze, au niteme?